Nong'ona, Programu Rasmi ya Siri

Mamlaka ya Uboreshaji wa Masoko ya Nyanda ina furaha kuutangazia umma kwamba, kuanzia sasa, umma hautajua lolote. Tangazo hilo lilitungwa na Bwana Edmund, Mratibu wa Usiri, na akalibandika ukutani kwa mkono wake mwenyewe, maana kwa jambo zito hatumwi mtu.

Sababu zilikuwepo. Mara ya kwanza Mamlaka ilipotaka kuvunja vibanda vya soko la Uyole, Mbeya, ili kupisha maegesho ya malori, mjumbe mmoja alituma habari hiyo kwenye kundi la harusi ya binamu yake. Wachuuzi wakajua, wakaja juu, kazi ikakwama. Mkurugenzi akamwita Bwana Edmund na kumwambia bila kuzunguka kwamba zamu hii mambo yakienda kimya, kiti cha unaibu ni chake. Yakivuja, akalinde ghala Kilolo, na huko baridi haina adabu.

Ikaundwa kamati ya kuchagua programu salama ya kutumiana ujumbe. Ilikaa Iringa, kwa kuwa siri za Mbeya hazijadiliwi Mbeya. Programu ya kwanza ilikataliwa kwa sababu ilionyesha nani amesoma ujumbe, wakati kiongozi ana haki ya kusoma na kunyamaza. Ya pili haikutaka jina wala namba, wajumbe wakauliza, sasa mkubwa atajulikanaje kama ni mkubwa? Ya tatu iliitwa Nong'ona. Ujumbe wake ukishafunguliwa hufutika wenyewe pande zote mbili, na hata walioiunda programu hawawezi kuurudisha. Bwana Edmund akaongeza kifungu kwamba kisibaki hata kivuli. Wajumbe wakasimama, wakapiga makofi, wakaenda kula.

Njiani kurudi Mbeya, Nong'ona ikalia. Mkurugenzi ameandika: keshokutwa alfajiri, vunja, kabla hawajakimbilia mahakamani. Bwana Edmund akasoma, maneno yakatoweka machoni pake, naye akajisikia fahari kweli. Akayapeleka maagizo kwa Nkuba, dereva wa katapila. Kisha akasimamisha gari Uyole anunue mchele wa Usangu, maana mtu harudi safari mikono mitupu.

Sasa, Bwana Edmund ni mstaarabu, na mstaarabu akikutumia ujumbe hukupigia kukuuliza kama umeuona.

"Nkuba, umeiona meseji yangu?"

"Nimeifungua bosi, nikageuka kuchukua miwani. Kurudi, haipo."

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Sasa ilikuwa inasemaje?"

Upande wa pili wa simu katapila lilikuwa linanguruma. Bwana Edmund akapaza sauti. "Keshokutwa alfajiri, tunavunja. Mkurugenzi ameagiza. Anzia kwa huyu mama wa mchele, kibanda cha bluu, mpaka kwa wauza viazi. Na iwe siri."

"Iwe nini?"

"Siri, Nkuba. Siri."

Mama wa mchele, Bi Mwanaidi, alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha bluu na kopo lake mkononi, akimpimia. Tangu mumewe afariki, kibanda hicho ndicho kilichomlishia watoto.

"Nikuongezee, baba?"

"Ongeza kidogo, mama."

Akamwongezea.

Alfajiri iliyopangwa, Nkuba alikuta zuio la mahakama limebandikwa kwenye kila kibanda, na mwanasheria anakunywa chai kwa Bi Mwanaidi. Nkuba naye akakaribishwa. Akazima mashine, akashuka.

Uchunguzi ukaitishwa. Wataalamu wakathibitisha kwamba Nong'ona haikuvuja hata tone, na Bwana Edmund alifurahi nusura alie. Ndipo wakamuuliza, kama ni hivyo, nani aliyemtuma akavunje mali za watu? Akamtaja Mkurugenzi. Mkurugenzi, ambaye siku hiyo alikuwa mpole ajabu, akamwomba aonyeshe maagizo. Bwana Edmund akafungua Nong'ona. Ilikuwa nyeupe pe, kama kamati ilivyoelekeza.

Jioni akaenda Uyole. Alikuwa na hofu, na safari hii alizungumza taratibu.

"Bi Mwanaidi, siku ile ulinisikia nikisema Mkurugenzi ameagiza. Nkuba anasema hakusikia vizuri, injini ilimzuia. Umebaki wewe tu, mama yangu. Njoo uwaambie, la sivyo napelekwa Kilolo."

Bi Mwanaidi alimwonea huruma ya kweli. Akasawazisha mchele kwenye kopo kwa kiganja.

"La kibanda nililisema, baba, kwa sababu kibanda ni changu. Hilo la bosi wako ni lenu, na ulisema mwenyewe iwe siri." Akatazama kulia na kushoto, kisha akashusha sauti. "Mimi siri ya mtu siitoi. Haya, leo nikupimie ngapi?"