Koti la Baba Mkwe na Kadi za Kompyuta

Wenzangu wa bweni la Iringa, leo nimeadhirika. Tena barabarani, mchana kweupe, mbele ya wauza ndizi. Nawaandikia haraka kabla hamjaletewa habari na mtu mwingine akaitia chumvi. (Haihitaji chumvi.)

Mnajua nasomea kompyuta hapa Mbeya. Mama kule Kalenga bado anawaambia watu nasomea upishi, nimemwacha. Kompyuta yenyewe hatujaiona, iko Dar es Salaam. Sisi tunaandika amri kwa lugha yake, namba tupu, hakuna hata neno moja la binadamu, halafu tunazitoboa kwenye kadi ngumu. Kadi moja, amri moja. Kadi zinapanda basi kwenda Dar, na majibu yanarudi kwa basi. Zikichanganyika njiani, kwisha habari. Mashine inazisoma kama zilivyopangwa, haiulizi ulikuwa na maana gani. Ndiyo maana Mkufunzi wetu anaimba kila siku: "Ndugu zangu, andikeni namba pembeni mwa kila kadi!"

Wote wameandika. Mimi sikuandika. Programu yangu naijua kwa moyo, namba za nini? (Ndiyo, ndiyo. Subirini.)

Leo ndiyo siku kadi zilikuwa zinaondoka na basi la mchana. Ambaye programu yake itakwenda vizuri ataitwa Dar, akakae na mashine yenyewe miezi kadhaa. Naitaka safari hiyo kuliko nilivyoitaka harusi. Ambakisye, mume wangu, anajua, nilimwambia mwenyewe akacheka. Tatizo ni baba yake. Mzee amekuja jana kutoka Tukuyu kwa jambo moja tu, kuamua kama mke wa mwanawe aende au asiende. Maneno yake yalinifikia kupitia kwa mama mkwe: "Binti wa Kihehe, halafu amesoma, halafu mashine! Adabu imebaki wapi hapo?"

Sasa nyie Wahehe wenzangu, kwetu mkwe unampigia goti, "Kamwene", yamekwisha. Kwa Wanyakyusa nilikoolewa ni mambo mengine. Mke hakutani na baba mkwe. Humtazami, humsemeshi, jina lake hulitaji. Mkikutana njiani unatoka barabarani, unachuchumaa na kujifunika uso mpaka apite. Mama mkwe alinifundisha kwa vitendo, pale uani, yeye akijifanya ndiye mzee. Na jana mzee alipoingia tu, nilikimbilia jikoni. Kwa hiyo sura ya baba mkwe wangu siijui hata leo. Ninachokijua ni koti lake: refu, jeusi, zito, na kofia ya pama juu yake.

Asubuhi nikatoka kwenda chuoni. Kadi ziko ndani ya boksi la viatu, boksi liko kichwani, mimi najiona msomi. Baridi ya Julai mnaijua, na upepo wake. Nilipokaribia soko nikainua macho.

Koti lile! Kofia ile! Vinakuja moja kwa moja!

Sikufikiri. Nilijitupa mtaroni, nikachuchumaa, kitenge usoni. Boksi likaenda lilikoamua kwenda. Nikazisikia kadi zangu zikipeperuka moja moja, nami nimejifunika nalia kimoyomoyo. Kuziokota siwezi, lazima mzee apite kwanza.

Mzee hapiti.

Viatu vikasimama mbele yangu. Sauti ikasema kitu, lakini kwa upepo ule na kitenge masikioni sikushika hata neno. Nikajisogeza pembeni, hivyo hivyo nimechuchumaa, natembea kama bata. Viatu vikanifuata! Baba mkwe gani huyu anamfuata mkwe wake? Nikajua tu, mzee ananipima. Anataka kuona adabu ya Mhehe inaishia wapi. Basi nikasema leo ataiona yote. Nikanyanyuka, uso umefunikwa, nikatoka mbio.

Mmewahi kukimbia na kitenge usoni? Msijaribu. Nilivamia ndizi za mama mmoja, zikasambaa.

"Gwe dada, una wazimu?"

"Mwache!" mwenzake akapiga kelele. "Si unaona amekutana na mkwewe? Mpisheni njia, jamani, mpisheni!"

Soko zima likanipisha. (Sijawahi kuheshimiwa hivyo maishani mwangu.) Nilikimbia mpaka stendi ya mabasi, nikajibanza nyuma ya magunia ya viazi, nahema. Mara nikaona viatu vile vile chini ya kitenge changu. Na mwenye viatu naye anahema.

"Ndugu Sesilia," sauti ikasema, "kwani mimi nimekukosea nini?"

Lafudhi ya Tanga. Nikafunua jicho moja. Chini ya kofia ya pama alikuwa Mkufunzi wetu! Kadi zangu zimemjaa mikononi, mifukoni na kifuani. Koti ni la mtumba, amelinunua jana kwa sababu ya baridi. Maskini, mtu wa pwani, Mbeya inamtesa.

"Shikamoo, Ndugu Mkufunzi," nikasema. Ningesema nini kingine?

Tulipofika chuoni tukatandaza kadi sakafuni, darasa zima limejazana mlangoni kunitazama. Mimi nikawa nazitaja amri kwa kichwa, moja baada ya nyingine, na Mkufunzi anasoma matundu na kunitafutia kadi yake. Tulitoka jasho na baridi yote ile. Tukafika mwisho, ikapungua moja.

"Imepotea ipi?" akauliza.

"Amri ya kusimama."

"Hilo nimeliona. Ungekuwa nayo usingefika stendi."

Darasa lilicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikaitoboa kadi upya, nikaandika namba kwenye kila kadi, tukazikimbiza stendi, na dereva akazipokea injini ikiwa inanguruma tayari. "Kesho nitavaa sweta," Mkufunzi akasema. Hata hakukasirika, Mungu ambariki.

Nikarudi nyumbani najifariji kwamba angalau baba mkwe hakuwepo kuona. Jioni niko jikoni nasonga ugali, baba na mwana wako chumba cha pili, katikati ukuta wa mbao. Mzee akakohoa.

"Ambakisye. Leo nimemwona mkeo."

Mwiko ukanitoka mkononi.

"Nilikuwa kwa fundi viatu, pale sokoni. Niligeuza uso kama inavyotakiwa, lakini nilikuwa nimeshaona ni yeye, na boksi lile alilotoka nalo hapa asubuhi. Kuna bwana alipita na koti kama langu. Mkeo alijitupa mtaroni! Akatupa na mizigo yake! Akakimbia, akapindua na ndizi za watu!"

Nikajua safari imekufa. Nikaanza kulia kabla hajamaliza.

"Mwanangu, wakwe ninao wengi. Wananiona mimi mwenyewe, wanajificha nusu nusu kama wanacheza. Huyu anaheshimu hata koti. Mwache aende kwenye mashine yake."

Nilikaa chini kwenye majivu, nalia na kucheka kwa pamoja, ugali ukaungua. Wameula hivyo hivyo. Mzee ameongeza mara mbili, nimesikia kupitia ukutani.

Basi msinicheke. Bado nasubiri majibu ya kadi, lakini roho yangu imetulia. Nasikia Dar es Salaam ni joto tupu, hakuna mwanamume anayevaa koti. Huko angalau nitafika nazo kadi zikiwa bado zimepangwa.