Mipira Yote Mipya

Jumatatu, 4 Septemba 2017

Arusi ya Jocelyne ni Jumamosi. Msafara utatoka kanisani kule juu Observatory, uteremke hadi ukumbini hapa Bertrams. Mbele kabisa pikapu moja, mpiga picha Glody amesimama nyuma kwenye bodi na kamera, anampiga picha bibi arusi. Pikapu ya nani? Yangu au ya jirani yangu Khatibu. Ya Khatibu ni mpya zaidi. Yangu ina sura. Miaka sita nimo Johannesburg na sijawahi kuongoza chochote, hata foleni. Safari hii sikubali!

Mwamuzi ni Mama Marcelline, shangazi wa Jocelyne, fundi magari kutoka Bukavu. Amesema hakuna gari litakalotangulia kabla hajakagua breki zake, keshokutwa, uani kwake. Nikamwahi kwa simu. Nikamwambia asijisumbue, mipira yangu yote ni mipya. Akasema vizuri, lakini nimechelewa, baridi imeshakwisha. Sikuelewa. Nimeyaandika maneno hayo hapa ili nisiyasahau. Fundi mkubwa hasemi ovyo.

Jumanne, 5 Septemba

Nimeingia uvunguni mwa gari. Ile mipira miwili ya mbele, inayopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu, imepasuka magaga kama visigino vyangu. Nikafikiri. Nikachukua dawa ya viatu, nyeusi, na brashi. Nusu saa tu. Inang'aa! Nilisikia fahari kabisa.

Nikamkuta Khatibu kwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, ananunua mkate. Nikamdokezea kwamba mipira ya breki haitaki joto, ndivyo wanavyosema mafundi wa Bukavu. Akaacha mkate, akarudi mbio kuliegesha gari lake kivulini. Maskini.

Jumatano, 6 Septemba

Aibu. Gari la Khatibu lilipita ukaguzi kwa dakika kumi. Ikaja zamu yangu. Mama Marcelline akalala chali chini ya pikapu, akapitisha kidole kwenye mpira, akakinusa. Akatoka taratibu.

"Papa Fabiani," akaniuliza, "hii flexible inaendaka ku kanisa?"

Flexible! Kumbe ndivyo wao wanavyouita mpira wa breki. Na mupira, kwa watu wa Bukavu, ni sweta. Kwa hiyo juzi alikuwa akinipongeza kwa kununua masweta. Khatibu alicheka mpaka akashika ukuta.

Kisha Mama Marcelline akamwambia Khatibu aketi kwenye usukani, akanyage breki na asiachie, ili mimi nichungulie. Mpira wa kushoto ukavimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Mama Marcelline hakunigombeza. Alinieleza tu kwamba nguvu ya mguu inaishia kwenye uvimbe ule, na siku ukipasuka, pedali itazama mpaka chini.

"Na Glody njo atakuwa anasimama kule nyuma," akasema.

Khatibu ndiye atakayetangulia. Labda nikileta mipira mipya kesho, mipya kweli, atanikagua tena.

Alhamisi, 7 Septemba

Nimeipata! Nilidhani Mama Marcelline ataifunga chapchap. Wapi. Kwanza akasugua matope kwenye maungio yote, uchafu usiingie ndani. Nati ya kushoto ikagoma. Nikajitolea kuipiga nyundo. Akaninyang'anya nyundo, akaipulizia nati dawa ya kutu, akaenda kunywa chai. Aliporudi ikafunguka kwa mkono mmoja. Chuma kizito cha breki akakining'iniza kwa waya, kisiuvute mpira. Nikashauri turudishie washa za zamani, vile vipete vinavyozuia mafuta yasivuje. Akanitazama. Akatoa za shaba, mpya.

Kilichonimaliza ni chaki. Ya fundi cherehani! Alichora mstari mweupe kwenye mpira kutoka mwisho mmoja hadi wa pili. Baada ya kukaza, mstari umenyooka, kwa hiyo mpira haujajisokota. Kisha akazungusha usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, akihakikisha haugusi tairi. Tulipokuwa tunatoa hewa kwenye mafuta ya breki niliachia pedali kabla ya wakati mara tatu, na mara zote tatu alianza upya bila kununa. Sijawahi kuona mtu anayefanya kazi vile. Nampenda kama dada yangu, na naona haya kuiandika dawa ya viatu kwenye daftari hili.

Akazipima breki. Akasema nitangulie mimi, kwa kuwa breki zangu sasa ni mpya kuliko za Khatibu. Eish!

Jumamosi, 9 Septemba

Tumeteremka. Mimi mbele! Katikati ya mteremko teksi ikasimama ghafla mbele yangu kuchukua abiria. Nikakanyaga. Pikapu ikasimama palepale, imenyooka, haikuyumba. Glody hakuanguka. Aliendelea kupiga picha. Ingekuwa na mipira ya Jumanne, leo tungekuwa hospitali, au pabaya zaidi. Niliapa kumshukuru Mama Marcelline mbele ya watu wote.

Jumapili, 10 Septemba

Sikupata nafasi ya kumshukuru Mama Marcelline. Alikuwa anacheza na akina mama upande wa pili wa ukumbi. Watu walinizunguka wakiuliza ni fundi gani aliyezifunga breki zile. Kelele zilikuwa nyingi, na jibu fupi zaidi lilikuwa "mimi". Wakanipigia makofi. Khatibu naye alipiga, polepole.

Leo baada ya ibada mchungaji amenishika mkono. Anataka nilibadilishie basi dogo la kanisa mipira ya breki Jumamosi ijayo, kabla kwaya haijateremka Durban. Watu kumi na wanne. Nimekubali. Mama Marcelline ana kazi nyingi, si vizuri kumsumbua. Na kazi yenyewe niliiona yote kwa macho yangu, isipokuwa gurudumu la kulia. Wakati ule nilikuwa nimekwenda kununua kota, ule mkate wa kujazwa chipsi.