Kuhusu Kuamshwaamshwa kwa Dereva Mstaafu Katika Maegesho ya Bustani

Kwa Bwana Mkubwa wa Bustani za Mji,

Pokea heshima zangu, mimi dereva wa malori mstaafu, ninayekuandikia nikiwa nimekaa kwenye usukani wa gari langu mwenyewe. Shule niliiacha mapema, lakini milima niliyoteremka na lori lisilo na breki, wewe hata kwenye picha ungefumba macho. Kwa hiyo nisome vizuri.

Gari lenyewe zamani lilikuwa la kusambazia mikate. Nimelitia kitanda, jiko dogo la gesi, pazia, na kioo cha kunyolea ndevu. Mama watoto alipolikuta uani, pale anapoanika nguo, akasema mbele ya wajukuu, "Hilo kopo litoke, ama utoke nalo." Nikatoka nalo. Tena nikaapa pale pale mlangoni, majirani wote wakisikia, kwamba sirudi ndani mpaka aje aniite mwenyewe, kwa adabu. Nikavuka barabara nikaegesha kwako. Sasa mlinzi wako anataka nirudi bila kuitwa. Nitaiweka wapi sura yangu, Bwana Mkubwa? Malalamiko ni haya:

1. Kibao chako kinasema ni marufuku kupiga kambi. Mimi sijapiga kambi. Kambi ina mahema, ina moto, ina watu wanaoimba ovyo. Mimi nimeegesha gari, basi, na imetokea tu kwamba nimo ndani yake. Macho yakijifunga yenyewe, hilo kamuulize aliyeyaumba.

2. Mlinzi wako, huyu ambaye watoto wanamwita Tochi, kila usiku hunigongea dirisha na kuuliza, "Mzee, umelala?" Namjibu, "Hapana." Sasa mtu aliyelala anajibu? Ushahidi gani tena mnautaka?

3. Akishamaliza kunisumbua, Tochi hurudi kibandani kwake na kukoroma mpaka mabati yanalia. Mimi niliyeamshwa ndiye ninayebaki macho. Bustani hii inalindwa na nani, basi? Naomba koti la ulinzi na filimbi. Kwa koti, nitafutie kubwa. Mabega yangu si ya kawaida.

3 tena, maana hili nalo lina uzito wa la tatu. Kuna sanamu ya bwana mmoja pale bwawani. Amekesha hapo miaka na miaka, hajagongewa hata siku moja. Na hana hata gari!

5. La nne nimelisamehe. La tano ndilo linaloniuma: Tochi amesema Ijumaa linakuja gari la kuvuta. Mimi, niliyewanasua madereva wenzangu kwenye matope wakilia kama watoto, nivutwe mchana kweupe, mama watoto akichungulia dirishani? Thubutu! Kama bustani na gari langu haviwezi kukaa pamoja, basi ihamishwe bustani. Miti bado michanga, na bata wanatembea wenyewe. Kazi ya kupakia nitaisimamia mimi, na hakuna jani litakalodondoka.

Nangoja amri yako kabla ya Ijumaa. Nisalimie mkeo, watoto, karani wako na wote wanaofagia hapo ofisini. Hata Tochi msalimie, ila mwambie mwanga aumulike chini, si puani kwangu.

Ni mimi nisiyelala,
Mzee Gia Kubwa

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha niifunge, mara mama watoto huyu hapa. Nikajikohoza, nikajiweka sawa kuitwa. Wapi! Amekuja na mto wake na sufuria mbili. Anasema kumbe humu kuna upepo mzuri, nyumba ameifunga, na kwamba atakaa mpaka atakapochoka. Kitanda chote amekichukua, mimi nimebaki na kiti cha dereva na mgongo unawaka moto. Na huko nyumbani sasa hakuna mtu wa kuniita. Kwa hiyo, Bwana Mkubwa, sheria ni sheria. Usingoje Ijumaa. Mtume Tochi leo hii na gari la kuvuta, akisome kibao kwa sauti kali, tutolewe sote wawili. Mimi nitabisha sana, nitapiga kelele, nitashika usukani, maana majirani watakuwa wanatazama. Tafadhali asinisikilize.