Chai Baridi na Mmea wa Mama Nalini

Jumanne, 4 Machi

Joto. Hata mijusi imeshuka ukutani ikalala sakafuni. Jumapili kanisa letu linampokea mchungaji mpya, na kama kawaida Ochieng wa mlango wa pili ataleta juisi yake ya ukwaju. Watu watamsifu. Yeye atasema si kitu, kwa ile sauti ya mtu anayejua ni kitu. Miaka mitatu sasa ndiye mkuu wa vinywaji. Imetosha! Nitatengeneza chai baridi ya matunda na majani yenye harufu. Nimeona kwenye simu jinsi inavyofanywa. Rahisi kabisa.

Nimemweleza Maryanne. Ameacha kukunja nguo. Amenikumbusha uyoga niliopanda chini ya kitanda, halafu kware mia moja waliotoroka wakaingia sebuleni kwa mwenye nyumba wetu, Mama Nalini, siku ana wageni. Amenikumbusha pia aliyosema Mama Nalini siku ile: kioja kimoja zaidi na tunahama. Kisha, bila kupandisha sauti, akasema tukihama tena mimi nitajua pa kwenda, yeye atarudi kwa mama yake Port Victoria, na nisimfuate.

Nimemwapia. Chai si kioja. Chai ni chai.

Jumatano, 5 Machi

Jaribio la kwanza. Nimechemsha majani ya chai dakika ishirini pamoja na nanasi zima, ili ikolee. Nikamimina ikiwa moto kwenye jagi la kioo tulilopewa harusini, nikalitia kwenye friza. Jagi limepasuka. Vipande nimevificha nyuma ya gunia la makaa.

Jaribio la pili, jagi la plastiki. Rangi ya maji ya mtaroni. Uchungu wa kukunja uso. Nimempa Naswa, mlinzi wetu wa geti, aonje. Ni mtu mpole. Amekunywa, amefikiri, akauliza kama maziwa yameisha dukani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimegundua siri! Majani ya chai hayachemshwi. Unayamwagia maji moto, unahesabu dakika nne, unayatoa. Unaacha ipoe yenyewe, kisha asali, maji ya pasheni, vipande vya chungwa, ndipo barafu. Tamu. Inapita kooni bila kubisha hodi. Ila haina harufu. Mchaichai upo tele sokoni Kibuye, lakini Ochieng atautambua kabla hajameza. Nataka jani ambalo hakuna mtu kanisani analijua.

Ijumaa, 7 Machi

Nimelipata. Liko uani kwa Mama Nalini, nyuma ya nyumba kubwa, hatua thelathini kutoka mlangoni petu, na mimi nimeishi hapa miaka miwili kama kipofu. Mmea mmoja tu, juu ya kijukwaa cha matofali kilichopakwa rangi. Majani madogo, yananukia kama karafuu. Mama Nalini anautunza kuliko gari la mumewe. Kila asubuhi anaumwagilia kwa kikombe cha shaba, anauzunguka polepole, anauwashia taa ndogo. Taa ni ya kufukuza wadudu, bila shaka. Mkulima wa kweli, mama yule. Ningepata ushauri wake mapema, uyoga wangu ungefaulu.

Alipotoka kwenda sokoni nimechuma konzi moja. Halafu nyingine. Halafu tawi moja, kwa sababu lilikuwa limekaa vibaya.

Nimeyaloweka pamoja na chai. Maryanne ameonja, akamaliza glasi, akaomba nyingine. Kuniomba! Ameuliza jani nimelitoa wapi. Nimesema Kibuye.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya ajabu. Naiandika kwa utaratibu.

Asubuhi mapema nimegundua majani hayatoshi ndoo mbili. Nimekwenda uani, nimechuma yaliyobaki. Mmea sasa unafanana na kuku aliyenyonyolewa. Nikajiambia utachipua.

Kanisani, ushindi mtupu. Mchungaji mpya amekunywa glasi nne na kuuliza jina la aliyetengeneza. Ukwaju wa Ochieng umekaa mezani umefunikwa kitambaa kama msiba. Ochieng mwenyewe amekuja na glasi, ananusa, anauliza ni jani gani. Nimemwambia ni mambo ya kitaalamu.

Ndipo Naswa akanisogelea. Amenusa, amenitazama kwa huruma, akasema, "Joram, hii si ile mti Mama huombea?"

Nikamuuliza anaombea vipi. Akaeleza taratibu, maana ameishi kwenye geti lile miaka tisa. Ule si mmea wa bustani. Kwa Wahindu ni mtakatifu, ni kama mama wa nyumba. Siku moja ufagio wake uligusa tu kile kijukwaa, akaombwa akanawe mikono kwanza. Taa si ya wadudu.

Wakati huohuo mwenyekiti wa kamati alikuwa anatangaza kwamba kuanzia leo mkuu wa vinywaji ni mimi. Makofi. Ochieng akanipa mkono. Sikusikia alichosema. Niliona tu sanduku la Maryanne likielekea Port Victoria.

Nimerudi nyumbani nikajifanya naumwa. Maryanne amesema anatoka kidogo. Amechukua jagi lenye chai iliyobaki. Sijauliza anakoipeleka. Sanduku lake liko juu ya kitanda, wazi, na nguo zimo.

Jumatatu, 10 Machi

Nina mpango! Nimekwenda Kibuye alfajiri, nimenunua mche wa ile mimea bibi yangu alikuwa akiitundika dirishani kufukuza mbu. Majani yanakaribiana. Ukiwa mbali. Ukiwa huna miwani. Nitaung'oa ule uliochakaa, nipande huu, na Mama Nalini ataona muujiza.

Saa moja asubuhi niko uani na kijiko cha kupakulia wali. Nimechimba mara mbili. Nikasikia mtu anakohoa. Mama Nalini amesimama nyuma yangu na kile kikombe cha shaba. Nimemsalimu. Nimemwambia nakagua mchwa. Amekitazama kijiko. Kisha akalitazama shimo. Nimeungama mwenyewe, yote, pamoja na tawi lililokaa vibaya.

Akasema, "Hiyo mti naongea nayo kila siku, Joram. Ulifikiri haiwezi kukushtaki kwangu?"

Akaniita jikoni. Mezani kulikuwa na barua, jina langu juu. Notisi. Mzee Yashwant, mumewe, aliiandika Ijumaa ileile, maana Mama Nalini alirudi sokoni mapema na aliniona kupitia dirisha la jikoni, nikinusa vidole vyangu. Nikaanza kuomba, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya Maryanne.

Akaniambia nikae. Maryanne, aliyeambiwa yote na Naswa, alikwishakuja jana jioni, amepiga magoti kwenye mlango huu, ameomba msamaha na kuacha jagi. Mama Nalini hakutaka kuigusa ile chai. Kisha akanusa. Mama yake mzazi alikuwa akimpa majani hayohayo na asali kila akikohoa, alipokuwa mtoto hapahapa Kisumu, na tangu mama afe hajapikiwa na mtu mwingine. Akanywa jagi zima akilia. Kumbe majani yale hunywewa! Wenyewe wanaita tulsi. Ila unaomba kwanza. Huchumi Jumapili. Huchumi jua likishatua. Na hukwanyui matawi.

Akaichana barua mara mbili, akatia vipande kwenye pipa la taka. Akasema shina lipo hai, litachipua, lakini nikionekana tena uani na kijiko ataita polisi.

Nimeketi kwenye ngazi zake dakika kumi. Nilikuwa nacheka peke yangu. Nilipofika nyumbani Maryanne alikuwa anarudisha nguo kabatini, moja moja, bila kunitazama. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Nimemshukuru Mungu, nimeushukuru na ule mmea, kwa mbali. Nimemwambia Maryanne nimejifunza. Akaniuliza jagi la harusi liko wapi.

Jumamosi, 15 Machi

Wiki ya amani. Nimekwenda mjini kwenye duka la vifaa la Mzee Yashwant kununua bomba la ndoo ya kanisa, maana kesho napika tena. Amenisalimu vizuri tu. Mtu wa kusamehe. Nilikuwa nawaza: bila tulsi, nitie nini kipya? Ochieng amesikika akisema alikuwa na bahati mbaya tu.

Hapo nikainua macho. Juu ya mlango wa duka pametundikwa uzi, na kwenye uzi ndimu moja nono na pilipili mbichi saba, mbichi kabisa, za asubuhi hii. Msaidizi wa duka anasema Mzee hutundika mpya kila Jumamosi na kuziacha hadi zinyauke. Ati ni kinga ya duka dhidi ya jicho baya; kwa nini asiende kwa daktari wa macho? Uharibifu wa chakula.

Nimekumbuka masharti yote, moja moja. Leo si Jumapili. Jua halijatua. Na hakuna tawi la kukwanyua, zimekwishachumwa. Kuomba ningeomba, lakini Mzee alikuwa na wateja.

Nimezifungua taratibu. Chai baridi ya ndimu na pilipili! Ochieng atakoma.