Simu ya Dharura Iko Kwangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeteuliwa! Dada, mkurugenzi wa shirika letu la misaada, kaniita ofisini, kafunga mlango, kasema hana mtu mwingine. Nimeyapokea maneno hayo kama sifa. Jambo lenyewe ni hili: kuna mfuko mkubwa unaotoa fedha kwa mashirika yanayojiandaa na magonjwa ya mlipuko, ila haumgusi asiye na ithibati, yaani cheti cha kuthibitisha kwamba anafaa. Wakaguzi wao wanakuja wiki ijayo. Tukipata ithibati, zahanati yetu inayotembea itaendelea kutembea na wauguzi kumi na wanane watabaki kazini. Tukiikosa, mwisho wa mwezi kila mtu na kwao. Hilo Dada kalisema akiangalia dirishani. Nimemwambia alale usingizi, mdogo wake nipo.

Cheo hakunipa. Nimejipa mwenyewe: Mshauri Mkuu wa Ithibati. Kadi mia mbili zinachapwa kesho.

Doa ni moja tu, Shemeji. Huyu ni mdogo wake mume wa Dada, na ndiye mratibu wa dharura. Kwake kila kitu mzaha. Tena ana kipaji cha kuiga sauti za watu. Mwezi uliopita alinipigia akijifanya fundi wa bomba, nikashinda bafuni na ndoo namsubiri fundi. Eti mashemeji hutaniana! Safari hii atanitambua.

Jumanne, 4 Machi

Wakaguzi wanataka mwongozo wa dharura ulioandikwa. Shemeji kasema anahitaji siku nne akae na wauguzi, wauandike pamoja. Siku nne! Mimi nimeumaliza kabla ya chai. Siri nakuambia wewe tu, shajara: mtandaoni kuna mashirika ya ng'ambo yana miongozo ya kupendeza, kurasa mia na ushee. Kubadilisha jina la shirika ni kazi ya kidole kimoja. Dada kaushika, kaupima uzito mkononi, katabasamu kwa mara ya kwanza wiki hii. Haraka haraka haina baraka? Hayo ni maneno ya wavivu.

Jumatano, 5 Machi

Fedheha.

Kikao cha wafanyakazi wote. Shemeji kaomba ruhusa asome sura ya saba kwa sauti. Kumbe sura ya saba inaeleza nani atazoa theluji mlangoni ili gari la wagonjwa lipite. Hapa petu, ambapo jua linabandua soli za viatu! Akauliza, kwa upole wa kinafiki, kama makoleo ya theluji tunayo stoo au yaagizwe. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Muuguzi Mkuu hakucheka. Mama huyu sijawahi kumwona akicheka; ukimwambia kitu, kwake ndivyo kilivyo. Alitoa kalamu akauliza yanahitajika mangapi. Dada naye hakucheka, na hilo ndilo liliniuma.

Nilijitetea kwamba hali ya hewa inabadilika na mwenye akili hujiandaa mapema. Haikusaidia. Shemeji kapewa kazi ya kuandika upya. Sawa, na atafune mfupa huo. Nyama naijua iliko.

Alhamisi, 6 Machi

Nyama ni simu ya dharura! Ndiyo simu ambayo mtu yeyote akiona ugonjwa wa ajabu anapiga, na timu inatoka mbio. Nimesoma masharti ya mfuko: wakaguzi wanaiangalia kuliko kitu kingine chochote. Anayeipokea ndiye sauti ya shirika. Sasa simu hiyo wanaishika Shemeji na wauguzi wawili, kwa zamu. Nimemweleza Dada kwamba mafahari wawili hawakai zizi moja, sembuse watatu kwenye simu moja. Simu moja, mtu mmoja, sauti moja. Sauti yangu.

Shemeji akapinga. Akasema huyo mtu mmoja akienda chooni mlipuko hautamsubiri. Mawazo yake huishia chooni siku zote. Dada alikuwa amechoka, ana karatasi hadi shingoni, akasema haya, chukua. Nimeitia kwenye mkoba wa ngozi, naivaa kiunoni. Leo nimepita mbele ya mlango wa Shemeji mara sita bila sababu.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi simu ikalia. Sauti nzito, ya polepole, kama hakimu anayesoma hukumu. Akajitambulisha kuwa mkuu wa wakaguzi. Akasema wamewahi, wanakaribia getini, na kwa utaratibu wao mshauri mkuu huwapokea akiwa ndani ya vazi kamili la kinga.

Nikavaa. Suti nyeupe ya plastiki, buti, miwani, barakoa, glavu juu ya glavu. Nikasimama getini wima, jasho likijaa kwenye buti. Mlinzi kanionea huruma kaniletea kiti. Mkaguzi hakutokea hata mmoja! Muuguzi Mkuu akaja na kipimajoto, akaniuliza mgonjwa yuko wapi. Nilipogeuka nikaona madirisha yote yamejaa vichwa, na katikati Shemeji, akitangaza kwa sauti ile ile ya hukumu kwamba mahakama imeahirishwa.

Sitasahau. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sauti hiyo hainipati tena, hata ikija na kiapo.

Jumatatu, 10 Machi

Wakaguzi wamefika kweli, watatu. Sikuwaona, maana Dada aliniomba, tena akaniomba mara ya pili, nibaki korido ya nyuma na simu yangu. Asubuhi nzima wamepitia mwongozo mpya. Mchana wakaaga, wakasema wanatoka kidogo.

Haikupita muda simu ikalia. Sauti nzito! Ya polepole! Hukumu tupu! Eti yeye ni mwalimu, eti shuleni kwake kuna watoto wanaumwa.

Mwalimu! Nikacheka kwanza. Halafu nikampa dawa yake. Nikawa narudia kila analosema, kwa nguvu zangu zote, ajue kwamba nimemjua. Eti watoto watano! Eti homa kali na vipele mwili mzima! Eti shule ya nyuma ya soko! Nikamwambia na mimi ni Waziri wa Afya, karibu. Nikamkumbusha alivyolia siku ya harusi ya kaka yake kwa sababu picha zilimkata kichwa. Nikamwita pipa tupu, nikamwambia vipele hivyo ajipake yeye, nikakata simu. Raha niliyoisikia! Nikatembea korido nzima kifua mbele.

Mwisho wa korido nikakutana na Shemeji anatoka stoo, boksi la glavu mikono miwili. Simu yake ilikuwa juu ya meza ya korido, inachajiwa.

Nilikaa sakafuni palepale. Akaniuliza kama naumwa.

Jumanne, 11 Machi

Kikao cha kufunga ukaguzi. Mkuu wa wakaguzi akasimama, akaeleza kwamba jana waliigiza mlipuko ili waipime simu yetu. Akaeleza kwa sauti nzito, ya polepole. Ndiyo sauti aliyozaliwa nayo, maskini! Kisha akafungulia mazungumzo aliyoyarekodi. Yote. Harusi, picha, pipa tupu.

Hakuna aliyecheka. Shemeji aliangalia viatu vyake, na Mungu anisamehe, nilitamani acheke. Dada alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Wauguzi walikuwa wamejipanga ukutani, mmoja na mtoto mgongoni, na wote waliniangalia mimi. Niliona aibu. Si ile ya getini.

Halafu mkuu akasema jambo ambalo hata yeye halimwingii akilini. Alikuwa shuleni, ameshaandaa kalamu atuandikie sifuri, mara gari letu hilo likaingia. Muuguzi Mkuu mbele, wenzake nyuma, kila mtu kavaa inavyotakiwa. Watoto walioigiza ugonjwa wakatengwa, maji na sabuni vikawekwa mlangoni, walimu wakaulizwa nani kakaa na nani. Akasema kazi safi namna ile haoni mara nyingi. Ila akataka kujua nani aliwapa habari, ikiwa aliyepokea simu ndiye huyu bwana.

Muuguzi Mkuu akasimama. Akasema alikuwa chumba cha chanjo, akasikia mtu anapiga kelele kwamba kuna watoto watano wenye homa na vipele shule ya nyuma ya soko. Akachukua gari akaenda. Mkuu akamuuliza, hakushuku kwamba ni mzaha? Akajibu kwamba yeye vipele vya mzaha hajawahi kuviona.

Majibu Ijumaa. Dada aliondoka bila kuniaga. Sikula. Baadaye nilikula, lakini kidogo.

Ijumaa, 14 Machi

Tumepata! Ithibati ni yetu! Wauguzi walikumbatiana uani, mwenye mtoto akamrusha mtoto juu akamdaka. Dada alikaa kwenye ngazi za mlangoni akalia kwa kwikwi kama msichana mdogo, na mimi nikakaa kando yake nikalia pia, maana ni dada yangu na nilikuwa nimeogopa sana. Muuguzi Mkuu akaja mbio kuuliza nani amefariki.

Sasa jioni nimetulia, na aliyetulia huona mbali. Tuseme ukweli. Gari lilitoka kwa sababu ya kelele. Kelele zilikuwa za nani? Shemeji angeipokea simu ile kwa adabu, kwa sauti ya chini, na chumba cha chanjo kisingesikia hata neno. Mashirika mengine yananunua ving'ora. Letu lina mimi.

Ithibati ina sharti moja dogo. Kila atakayeigusa simu ya dharura lazima kwanza apitie mafunzo ya siku mbili, na mtihani mwishoni. Kwa sasa simu imerudi kwa Shemeji na wauguzi. Dada kaniambia jina langu ndilo la kwanza kwenye mafunzo hayo. Bila shaka! Jina la mkufunzi hutangulia. Nimemwomba Shemeji awe ananifutia ubao. Aliondoka haraka, mabega yanamtikisika. Nadhani heshima ilimzidi.

Shati nimeshalipiga pasi. Maswali ya mtihani nimeshatunga kumi, magumu kweli kweli. Nawaonea huruma watakaoufanya.