Waya za Mjukuu Wangu Zisifunguliwe

Kwa Daktari wa Meno,
Juu ya duka la miwani, mlango wa pili.

Daktari mpendwa,

Shikamoo sikupi, umri wangu hauniruhusu. Pokea marahaba yangu hata kabla hujaniamkia. Nisalimie pia muuguzi wako, yule anayeita wagonjwa kama anayenadi samaki.

Mimi ni bibi wa yule msichana wa miaka kumi na minne uliyemfunga waya za meno mwaka juzi. Nilikuwa nikimsindikiza kwako mpaka miguu yangu ilipozigomea ngazi zako. Kwa utani namwita mke mwenzangu, ingawa mume tunayemgombea alishatangulia. Nami simchelewi: daktari wa moyo ameniambia, kwa adabu sana, nisipange mambo ya mwaka ujao. Kwa hiyo nasema yote sasa. Macho yangu yameingia ukungu, naandika kwa kalamu nene, na mistari ikipanda na kushuka nivumilie. Nilichora ramani katika ofisi ya ardhi miaka thelathini na moja, na zamani mistari yangu ilikuwa minyoofu kuliko meno yoyote uliyowahi kuyanyoosha.

Kwa hesabu yangu, mwisho wa mwezi huu utazifungua waya hizo. Napinga, kwa sababu zifuatazo.

1. Ulituahidi maumivu, na ahadi ukaitimiza. Ulisema siku za mwanzo meno yatauma, mashavu yatachubuka, apake nta pale chuma kinapokwaruza, na asiguse kitu kigumu. Siku ya tatu akaingia chumbani kwangu na bakuli, akasema, "Bibi, sogea. Leo na mimi ni kibogoyo." Kabla ya hapo alikuwa akiingia kuchukua chaja tu. Mimi na meno yangu ya bandia tulikuwa tukila uji na viazi vya kuponda dirishani, wawili sisi, huku wenzetu sebuleni wakivunja mifupa. Tangu siku ile sijala peke yangu. Sasa mtu anayekupa mwenzako wa kula, kisha akakunyang'anya, huyo ni daktari wa namna gani?

2. Unafanya kazi upesi mno. Kila baada ya wiki nne unakaza waya, anarudi ameshika shavu, siku mbili hawezi hata mkate, mimi nafurahi. Lakini meno yake hayana msimamo: yakivutwa, yanafuata. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kunyooka kwa miaka miwili. Mjomba wake ana arobaini na sita na bado tunamsubiri.

3. Mtoto anakutii kupita kiasi. Anapiga mswaki kila baada ya kula, anabadilisha ile mipira midogo ya kuvutia meno kila asubuhi bila kukumbushwa. Mama yake akimwita kuosha vyombo, hasikii. Utii wote ameumalizia kwako.

4. Hapa ndipo penye ungamo langu. Katika faili lake umeandika "hafuati maelekezo," kwa sababu vichuma vitatu ulivyovigandisha kwenye meno vilibanduka, na kila kimoja kikaongeza mwezi. Mama yake alimfokea njia nzima: "Utavaa waya mpaka siku ya harusi yako!" Mtoto hakunitaja. Daktari, vichuma vile nilivibandua mimi. Cha kwanza kwa karanga, nilizomtia mfukoni mwa sweta nikamwambia, "Kula, daktari haoni tumboni." Cha pili kwa bisi. Cha tatu kwa tofi, na hiyo niliigonga kwanza mezani kuhakikisha ni ngumu ya kutosha. Nilijipatia miezi mitatu. Uji wake siujutii. Faili ndilo linaloninyima raha. Futa maneno yale, uandike: "Bibi yake."

5. Kwa hiyo naomba waya zibaki mpaka nitakapoondoka. Sitakawia, sina tabia ya kuwachelewesha watu. Ikiwa meno yamekwisha kunyooka, pindisha moja la nyuma, lisiloonekana, uanze upya. Dhamiri ikikukataza, mfunge waya mama yake, baba yake, na huyo mjomba anayehitaji kunyooshwa kwa vyovyote vile, nyumba nzima ile vilaini. Na hayo yote yakishindikana, zifunge waya kwenye meno yangu ya bandia. Nitakuletea kwenye kikombe. Angalau mke mwenzangu atakuja kunifundisha kuyasugua.

Nakuacha salama. Wasalimie wa nyumbani kwako, mwenye duka la miwani, na wote walioketi kwenye benchi lako wakishika mashavu.

Wako katika uji na ukweli,
Bibi wa mgonjwa

Nyongeza: Barua hii nilimpa mke mwenzangu akuletee. Akaifungua, maana ni damu yangu. Aliisoma yote amesimama mlangoni, kisha akaja akakaa, akakishika kidole changu, akakipitisha juu ya meno yake. Laini kama kigae. Anasema waya ulizifungua wiki tano zilizopita, na nyumba nzima inajua. Kile kithembe ninachokisikia bado akiongea, nilichodhani ni cha waya, ni cha kifaa cha plastiki ulichompa ili meno yasirudi yalikotoka. Nikamwuliza, "Na viazi vya kuponda vyote hivi ulivyokula nami wiki tano?" Akasema, "Bibi nawe! Nani alikwambia nilikuwa nafuata viazi?"

Basi chana barua yote, ubakize namba nne. Leo mchana ameleta karanga. Zangu amezitwanga; zake anazitafuna hapa hapa ubavuni kwangu, kwa kelele zisizo na adabu hata kidogo. Kama kuna waya za kutibu hilo, nijulishe.