Makabidhiano ya Mfano wa Hundi

Kamati Kuu ya Kuchangia Ujenzi wa Shule ya Kijiji, kupitia kwangu mimi Afisa Itifaki, ina furaha isiyo na kifani kuutangazia umma kwamba zoezi la uchangiaji limevuka lengo. Michango ilikabidhiwa mara nyingi, mchana kweupe, mbele ya kamera, na kila mara watu walipiga makofi. Shule yenyewe ilikuwa bado. Lakini shule ni suala la utekelezaji, na utekelezaji una idara yake, iko ghorofa ya tano, na lifti inaishia ya nne.

Kwa kuwa wapo wenye nongwa wanaoeneza maneno mitaani, nimeona nieleze mambo yalivyokwenda, mimi niliyeyaona kwa macho yangu. Katika picha zote mimi ni yule wa pembeni aliyeshika ncha ya kushoto.

Ncha ya nini? Ya mfano wa hundi. Hundi halisi ni kijikaratasi. Ukimkabidhi mtu kijikaratasi, kamera haikioni, na mchango usioonekana pichani, kwa mujibu wa mwongozo nilioandika mwenyewe, haujatolewa. Ndiyo maana kila mfadhili hutengenezewa ubao mpana, ukapakwa rangi nyeupe ya mafuta, ukaandikwa jina lake na neno MILIONI kwa herufi kubwa nyekundu. Mwanzoni tulitumia maboksi. Siku moja upepo ukavuma katikati ya hotuba, na milioni arobaini zikampiga Mheshimiwa usoni, zikaondoka na miwani yake. Mheshimiwa, ambaye alikuwa mbunge na mwenyekiti wetu, akaagiza kuanzia siku hiyo zitengenezwe kwa mbao nene, zenye fremu, zisizolowa maji. "Hela isiyumbe," alisema. Katika hili hatukubana matumizi hata kidogo.

Kwamba kijiji kilihitaji shule, hilo halina ubishi. Watoto walisomea ndani ya ghala la zamani la nafaka ambalo ukuta wake mmoja ulikuwa umepasuka kuanzia juu hadi chini. Mkaguzi wa elimu alikwishatoa tamko: mwaka mpya wa masomo ukianza bila jengo jipya, ghala linafungwa na watoto wanahamishiwa shule ya ng'ambo ya mto. Mto huo hauna daraja. Daraja tulishalichangia.

Mwenyekiti wa wazazi alikuwa mama mtu mzima ambaye kijiji kizima humwita Bibi. Baada ya makabidhiano ya milioni sitini, Mheshimiwa akiwa bado anajifuta jasho la hotuba, Bibi alimsogelea akiwa amemshika mkono mjukuu wake wa darasa la kwanza.

"Mwanangu, kwa ubao tunashukuru," alisema. "Sasa zile hela zenyewe tunazipata wapi?"

Mheshimiwa alinitupia jicho. Nikaingia kati, maana ndiyo kazi yangu.

"Shikamoo, Bibi. Fedha ziko kwenye mchakato."

"Marahaba. Huo mchakato uko mbali? Maana tungemtuma mtu na baiskeli."

"Mchakato si mahali, Bibi. Ni hatua."

"Haya. Huyu mjukuu wangu ana miaka sita. Maji ya mto yanamfika hapa." Alimgusa mtoto kidevu. "Mvua zikianza, hapo hapo yanamfika mwalimu wake. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu, baba. Zitatangulia hizo hatua zenu, au zitatangulia mvua?"

Swali lile lilinichoma moyo, nami sikukaa kimya. Niliingiza mvua kwenye orodha ya changamoto.

Tukaondoka. Ubao ulibaki kijijini kama kawaida, kwa sababu hauingii kwenye gari la Mheshimiwa, na pikapu ilikuwa imejaa viti na vipaza sauti. Mabango ya turubai yenye sura ya Mheshimiwa akicheka nayo yalibaki. Kwa msafara uliofuata tungechapisha mengine, yenye kicheko kipya.

Msafara uliofuata ulikuwa mkubwa kuliko yote, kwa kuwa uchaguzi ulikuwa umekaribia. Tulikuwa na mfadhili kutoka mjini, bwana mmoja muuza magodoro, aliyetoa mfano wa milioni mia moja. Nilikuwa nimemwahidi kwa maandishi kwamba atapigwa picha akiwa amechuchumaa na watoto walioketi mavumbini. Tulipokata kona ya mwisho, dereva akafunga breki ghafla.

Pale kando ya ghala palikuwa na shule.

Ilikuwa na madarasa mawili, imenyooka, inang'aa. Ukuta wa mbele ulikuwa milioni hamsini, milioni sitini na milioni ishirini na tano, zimeunganishwa kwa misumari. Madirisha yalikuwa yamekatwa katikati ya sifuri. Juu ya paa la miti walikuwa wametandika mabango yetu na kuyakaza kwa kamba, hivyo Mheshimiwa alikuwa akilichekea anga mara nane.

"Nini hiki?" Mheshimiwa aliuliza, macho yamemtoka.

"Shule, Mheshimiwa," nilisema.

"Naona ni shule! Nani ameruhusu shule ijengwe wakati michango inaendelea? Sasa tutachangia nini?"

Niseme ukweli, nilimwelewa. Kamati yetu ina watumishi, ina magari, ina chai ya saa nne. Shule ikishajengwa, watu wote hao waende wapi? Muuza magodoro naye alikuwa amenishika mkono wa shati.

"Watoto wa mavumbini wako wapi?" aliuliza. "Mbona nawaona wamekaa kwenye madawati?"

Tukaingia ndani. Mwalimu aliwasimamisha watoto, wakatuamkia kwa pamoja, kisha akataka kutuonyesha maendeleo yao.

"Mbili ukijumlisha mbili?"

"Milioni nne!" watoto wakaitika kwa furaha.

"Mtuwie radhi, waheshimiwa," mwalimu alisema. "Hizo kuta ndizo wanazoziona kutwa nzima. Hapa neno la kwanza kusoma ni milioni. Mama wanamsoma muhula wa pili."

Muuza magodoro alicheka mpaka akakaa kwenye dawati. Mheshimiwa hakucheka. Aliupiga ukuta kofi, ukuta haukutikisika, na hilo likamuudhi zaidi.

"Hizi ni nyaraka za Kamati," alisema. "Ni mali halali ya Kamati. Afisa Itifaki, andika: jengo livunjwe, mali irudishwe ofisini leo leo."

Mjukuu wa Bibi alikuwa kiti cha mbele, na niliona ameukumbatia mfuko wake wa daftari kama mtu anayehamishwa. Kalamu yangu iligoma kuandika. Niliikung'uta, ikagoma tena, nami sikutafuta nyingine.

Bibi alikuwa mlangoni. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, mkaguzi alikuja juzi. Akazigonga hizo kuta, akasema hajawahi kuona hundi ngumu hivi, akapitisha. Ukizing'oa leo, kesho watoto wako mtoni. Halafu hao mia mbili tunaopiga kura hapa tutakuwa tunatazama hayo maji. Wewe mwenyewe pima."

Mheshimiwa akapima. Alikuwa mwepesi katika hesabu za aina hiyo. Uso ukalainika, mkono ukamdondokea Bibi begani.

"Mama yangu, nilikuwa natania. Shule ibaki. Tena nitaizindua mimi, leo. Ila na mimi mnipe kitu. Nazitaka kura za kijiji hiki, zote, isipotee hata moja."

"Utakabidhiwa sasa hivi," Bibi alisema. "Tena hadharani."

Akamwita fundi. Fundi akautoa ule ubao wetu mpya kwenye pikapu, akaugeuza upande wa nyuma, akachovya brashi. Rangi ilipokauka, kijiji kilijipanga uwanjani, na Bibi akamkabidhi Mheshimiwa mfano wa kura. Uliandikwa: KURA ZOTE ZA KIJIJI, MIA MBILI KAMILI. Akina mama walipiga vigelegele. Mheshimiwa aliupokea kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga, na mimi nikashika ncha ya kushoto. Nimepiga picha nyingi katika utumishi wangu, lakini ile ilikuwa na uzito wake. Safari hii ubao tuliurudisha mjini, tumeufunga juu ya gari, na Mheshimiwa akautundika sebuleni kwake.

Kampeni zilipoanza, washauri walimwambia akipitie tena kile kijiji. Aliwacheka.

"Kule nilishakabidhiwa," alisema. "Twendeni kwingine."

Siku ya matokeo tulikaa sebuleni kwake chini ya ule ubao, tunakunywa soda. Jimbo lilikuwa bega kwa bega, kilibaki kituo kimoja, kituo cha kile kijiji. Mheshimiwa alikwishavaa suti ya kushukuru wananchi. Redio ikatangaza. Mpinzani wake, kura mia moja tisini na tisa. Yeye, hakuna. Kura iliyoharibika, moja: mtu alikuwa ameandika neno MFANO juu ya picha yake.

Nilitumwa kijijini asubuhi yake nikadai maelezo rasmi. Nilimkuta Bibi anafagia mbele ya darasa.

"Tulimpa, baba," alisema. "Si alipiga picha?"

"Alipiga, Bibi. Lakini kwenye sanduku hakuna kitu."

"Ya sanduku siyajui, mimi niliona watu wanapiga makofi. Ule ubao wetu uko wapi?"

"Sebuleni kwake."

"Basi nirudi na wewe tukauchukue, fundi atatufuata na mkokoteni. Darasa la pili halina mlango, na mawingu umeyaona."

Mke wa Mheshimiwa ndiye aliyetufungulia. Alitukaribisha vizuri sana.

"Uchukueni, jamani," alisema. "Umenizibia dirisha tangu mwezi uliopita."

Mheshimiwa alikuwa kwenye kochi, bado na suti ya jana. Dereva alikwisharudisha gari la serikali, mlinzi aliondoka nalo, na ubao ule ni mzito, mtu mmoja haubebi. Nikashika ncha ya kushoto kwa mazoea. Tulisubiri. Bibi alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtoto anayechelewa kuvaa viatu.

"Inuka, mwanangu," alimwambia. "Shika huko."

Akainuka, akashika. Tuliutoa kwa ubavu kupitia mlangoni, tukashuka ngazi, yeye akihema, tai imemwangukia begani, mpaka tukaulaza kwenye mkokoteni aliokuja nao fundi. Bibi aliukaza kamba, akaipima kwa kuivuta, akamwambia Mheshimiwa ahsante. Ulikuwa mchango wake wa kwanza kufika shuleni, na kwa masikitiko makubwa Kamati inaarifu kwamba hapakuwa na mpiga picha.